Mwenye Sauti Ufukweni: Tanga 1914, Reli ya Usambara na Kazi Isiyo na Nishani



Nimeombwa nizungumze juu ya vita vya kushuka ufukweni. Najua tuko Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wapo humu ukumbini watu ambao wakiteremka Tanga kwa shughuli zao hurudi jioni hiyohiyo bila kulowesha mguu. Lakini nina dai moja. Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye sauti pale ufukweni. Wajerumani walishinda kwa sababu mpangilio wao ulikuwa huku bara, kwenye reli inayopita miguuni mwa milima hii. Na wengi wa waliofanya mpangilio ule ufanye kazi hawakuvalishwa nishani na mtu yeyote.

Nitaanza na mtu aliyevalishwa.

Ofisa wa ufukweni

Katika Vita vya Pili vya Dunia Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa na vikosi vilivyoitwa makomando wa ufukweni. Viliundwa mwaka 1942 na kufundishwa Ardentinny, huko Scotland. Kikosi kimoja kilikuwa na maofisa wapatao 10 na mabaharia zaidi ya 60. Kazi yao ilikuwa kushuka mapema, wakati risasi bado zinalia, halafu kubaki palepale. Askari wa miguu akikanyaga mchanga hukimbilia mbele, na kila hatua humtoa mahali pa hatari. Komando wa ufukweni hukaa kwenye hatari hiyo siku nzima, pengine wiki nzima.

Huko hufanya nini? Huweka bendera na taa kuonyesha chombo kipi kiingie wapi. Hukivuta pembeni kilichokwama ili kinachofuata kipate nafasi. Hufungua njia ya magari kutoka mchangani, huwatuma majeruhi kwenye vyombo vinavyorudi melini, na humzuia yeyote anayetaka kutua mzigo wake palipo pa mwenzake. Jenerali akishuka na gari lake na kuliegesha njiani, ofisa huyo ana ruhusa ya kumwambia aliondoe. Mmewahi kuona stendi ya Mombo mkesha wa Krismasi, mabasi ya Dar es Salaam, ya Arusha na ya huku juu yameingia pamoja na kila utingo anapiga kelele yake? Anayewafanya wote waondoke salama ni mtu mmoja anayesikilizwa. Ufukweni ni hivyohivyo, ila kuna mizinga.

Mfano unaojulikana zaidi ni Colin Maud. Alikuwa baharia wa manowari ndogo. Aliongoza Icarus, kisha Somali, ambayo ilipigwa torpedo Septemba 1942 katika maji ya baridi ya kaskazini. Tarehe 6 Juni 1944, Wakanada waliposhuka Normandy kwenye ufukwe ulioitwa Juno, Maud ndiye aliyekuwa msimamizi pale, mtu mwenye ndevu nyingi, rungu mkononi na mbwa wake kando. Nishani za ushujaa za DSO na DSC alikuwa nazo. Filamu ya The Longest Day ya mwaka 1962 ilimwonyesha, na nafasi yake ikaigizwa na Kenneth More. Watazamaji walimcheka kidogo, mzee na mbwa wake akipiga gari lililozimika kwa rungu. Lakini kile kichekesho ndicho kilichokuwa kazi yenyewe: gari moja likizima kwenye njia ya kutokea, mengine yote yaliyo nyuma yake yanageuka shabaha.

Sasa tuuondoe ufukwe huo Ufaransa tuulete Ras Kazone, Tanga, miaka 30 nyuma.

Tanga bila msimamizi

Kikosi cha Waingereza kilitoka Bombay katikati ya Oktoba 1914, watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Walikaa wiki mbili na zaidi ndani ya meli zilizojaa watu, wengi wakitapika njia nzima. Walipofika Mombasa, maofisa wa King's African Rifles (KAR), watu walioijua pwani hii na vichaka vyake, walijitolea kusaidia kushusha jeshi. Aitken alikataa. Aliamini hawahitaji.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox iliingia Tanga peke yake. Nahodha wake, Francis Caulfeild, alikuwa anafungwa na mapatano ya awali ya kutoishambulia bandari ile, akaona ni lazima awaarifu Wajerumani kwanza kwamba mapatano yamevunjwa. Akamwita mkuu wa wilaya, Dakta Auracher, akamtaka asalimishe mji. Akamwuliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Auracher akaomba muda wa kushauriana na wakubwa zake, akarudi nchi kavu, akavaa sare ya kijeshi na kuanza kuandaa ulinzi. Simu zikapigwa kwenda Moshi. Mabomu hayakuwapo majini, lakini Caulfeild alipoteza saa nyingi akiyatafuta.

Kwa kuihofia bandari, jeshi likapelekwa kushukia Ras Kazone, mashariki ya mji. Mnaopajua mnakumbuka: mikoko, matope, kisha mwamba unaopanda juu. Hapa pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, hivyo mahali palipokuwa pa kushukia alasiri huwa matope usiku. Askari waliingizwa kwenye matishari, yakakokotwa na boti za moshi hadi yakakwama, wakaambiwa waruke. Maji yaliwafika kifuani. Wakapanda juu ya mwamba gizani, bila kulala, na alfajiri ya tarehe 3 waliokwisha kushuka wakasukumwa mbele kuushambulia mji. Wakarudishwa na askari wachache waliokuwa wamejipanga kando ya reli.

Siku nzima ile na asubuhi iliyofuata Aitken alikuwa bado anashusha watu. Amri ya baharini ilikuwa ya Caulfeild, ya nchi kavu ilikuwa ya Aitken, na kati yao palikuwa na mchanga usio na mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema: mizinga kwanza, chakula baadaye, kikosi hiki kisubiri, majeruhi wapite huku. Mizinga ya nchi kavu haikushushwa ipasavyo, mingine ilibaki kwenye meli ikirusha kutoka sitahani bila kuona inakorusha. Vitu vilirundikwa kadiri vilivyofika.

Jioni ya tarehe 4, baada ya mapigano makali ndani ya mashamba ya minazi na mpira na hadi mitaani, jeshi likavunjika likarudi mbio palepale liliposhukia. Tarehe 5 walipakiwa tena. Kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kupakia kama ambavyo hapakuwa na wa kushusha, waliacha nyuma bunduki za rasharasha 8, bunduki za kawaida 455, risasi zipatazo 600,000, simu, makoti na mablanketi. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walizidi 800. Upande wa pili hawakufika 150.

Hapa huwa kuna anayenyanyua mkono aulize: na nyuki je? Ndiyo, nyuki walikuwapo. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini ilipasuliwa na risasi, nyuki wakatoka na kuwauma Wahindi, Waingereza, Wajerumani na askari wetu bila kuchagua rangi wala bendera. Magazeti ya Uingereza yalidai Wajerumani waliwafuga kwa vita. Nafikiri hadithi hii imeishi miaka mia na zaidi kwa sababu inamfaa kila mtu. Aliyeshindwa anamtupia mdudu lawama, na msimuliaji anapata kicheko. Nyuki hawakuacha bunduki 455 mchangani.

Reli chini ya milima

Upande wa pili alikuwapo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani. Askari wake walikuwa na bunduki za zamani, za muundo wa 1871, ambazo kila zikilia zilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mpigaji alipo. Wengi wa watu wake walikuwa mbali, upande wa Moshi, wakiulinda mpaka wa Kilimanjaro. Kutoka Moshi hadi Tanga ni kilomita 350 hivi. Kwa miguu jeshi na wapagazi wake lingehitaji zaidi ya wiki moja.

Lakini palikuwa na reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza, ukakaa, ukafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Sababu ya kufika Mombo ilikuwa ninyi, au tuseme ardhi ya babu zenu: walowezi walitaka kushusha mazao ya milima hii. Wilhelmstal, ndilo jina Wajerumani walilouita mji huu, ilikuwa makao ya wilaya, na barabara ya kuteremka Mombo ilikuwa mshipa wake.

Treni moja iliweza kubeba kombania moja pamoja na mizigo yake, au mbili zikiacha mizigo na wapagazi. Si nyingi. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea zamu: treni ipi itoke lini, ipishane wapi na inayorudi tupu, injini ipate maji na kuni kwenye steshini gani. Mtu akikosea Korogwe, kombania inachelewa Tanga. Haikuchelewa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow alishuka kwenye treni kilomita chache kabla ya mji akiwa na watu ambao kesho yake, pamoja na waliotangulia, walifika kama elfu moja. Elfu moja dhidi ya elfu nane.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ndiyo picha kamili ya mapigano yote. Akaazima baiskeli. Akaendesha gizani na wenzake wawili kupita mitaa mitupu ya Tanga hadi bandarini, kisha Ras Kazone. Akaziacha baiskeli karibu na hospitali, akateremka hadi majini. Meli za Waingereza zilikuwa mbele yake zimewaka taa, na kelele za kushusha mizigo zilisikika wazi. Alisikitika tu kwamba mizinga yake ilikuwa haijafika. Adui alimwonyesha ufukwe wake wote, na yeye peke yake ndiye aliyeuangalia kwa jicho la msimamizi.

Katika waliokufa tarehe 4 alikuwamo Kapteni Tom von Prince. Jina lake mnalijua hata kama hamjui kwamba mnalijua, kwa sababu shamba lake ni Sakarani, hapo karibu na Soni, ambapo leo wapo watawa Wabenediktini. Ndiye aliyepigana na Mkwawa kule Uhehe, akastaafu jeshi, akaja kulima huku. Vita vilipoanza akashuka tena. Mlowezi wa Usambara akafa mitaani Tanga akiongoza vita vya reli iliyojengwa kwa ajili ya mashamba kama lake.

Mateka ya ufukweni yalitosha kuzipa kombania tatu bunduki mpya. Vita ambavyo wengi walidhani vingeisha Krismasi ile viliendelea hapa miaka minne.

Manza: ufukwe wenye mwenyewe

Kwa kuwa nimewasema Waingereza, nitoe na mfano wa baharia aliyejua kazi. Februari 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, iliondoka Wilhelmshaven ikiwa imepakwa rangi na kupewa jina la Kidenmaki, Kronborg. Ilibeba makaa kwa ajili ya manowari yao Königsberg iliyojificha Rufiji, na silaha kwa ajili ya Lettow. Nahodha alikuwa Luteni Carl Christiansen. Ilizunguka kaskazini ya Scotland, ikazunguka Afrika, na tarehe 14 Aprili ikafika karibu na Tanga huku Hyacinth ya Waingereza ikiifuata. Injini moja ya Hyacinth ikaharibika. Christiansen akaingia ghuba ya Manza, akaikwamisha meli yake kwa makusudi, akafungua vali maji yaingie kwenye ngama, na akawasha moto mbao zilizokuwa sitahani. Manowari ikapiga mizinga, ikaona moshi mkubwa, ikadhani kazi imekwisha, ikaondoka.

Shehena ilikuwa chini ya maji, na maji ndiyo yaliyoiokoa na moto. Kwa wiki kadhaa watu waliipakua kwa mikono na kamba, wakaipeleka nchi kavu, ikapandishwa kwenye reli. Risasi zilizolowana zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, zikafungwa tena. Hebu fikirini kazi hiyo: mamilioni ya risasi, mtu amekaa chini ya mwembe na koleo mkononi. Zilizofyatuka vizuri baadaye zilimpigania Lettow. Zilizogoma zikatumika kufundishia.

Christiansen alijeruhiwa, na jina lake limeingia vitabuni. Waliokaa chini ya mwembe hawana majina.

Watanganyika wanashuka Majunga

Nisiwaache mkidhani sisi siku zote tulikuwa watu wa reli tu. Mwaka 1942 Uingereza iliivamia Madagaska, iliyokuwa chini ya serikali ya Ufaransa ya Vichy. Tarehe 5 Mei jeshi lilishuka Diego Suarez, na mabaharia wa ufukweni walikuwamo katika kazi ile. Baadhi ya mafunzo yaliyozaa vikosi vya makomando wa ufukweni yalipatikana pale. Tarehe 10 Septemba ikaja zamu ya Majunga. Baada ya Waingereza kuutwaa mji, Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipita bandarini ikaelekea bara. Ndani ya brigedi hiyo ilikuwamo batalioni ya 1/6 ya KAR, batalioni ya Watanganyika.

Tarehe 23 Septemba Antananarivo ilikuwa mikononi mwao. Siku 13 kutoka ufukweni hadi mji mkuu, na njiani madaraja yamevunjwa na miti imeangushwa barabarani. Upinzani ulikuwa mdogo kuliko Tanga, hilo lisemwe. Lakini magari, mafuta na chakula vilishuka kwa mpango, vikafuata askari kwa mpango. Mwaka 1914 jenerali aliwakataa KAR kwa kuamini hawahitaji msaada wao. Miaka 28 baadaye walikuwa ndio jeshi lenyewe.

Nani alivalishwa

Tarehe 28 Novemba 1914, wiki tatu baada ya Tanga, Kamanda Henry Ritchie wa Jeshi la Majini la Uingereza aliingia bandari ya Dar es Salaam, akajeruhiwa mara nane, na akapewa Victoria Cross, ya kwanza kwa baharia katika vita vile. Sina ugomvi na nishani yake. Mtu aliyepigwa risasi mara nane na kuendelea kuendesha chombo anastahili.

Ugomvi wangu ni na hesabu iliyobaki. Wajerumani walipoona adui anakuja walichukua reli nyepesi za mashambani wakajenga njia kutoka Mombo kuelekea Handeni. Haikuwa na injini. Vitoroli vilisukumwa na watu. Juni 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipofika, Wilhelmstal ikasalimu amri, na Julai Tanga ikatwaliwa bila mapigano kama yale ya mwanzo. Kisha Waingereza nao wakahitaji mikono, wakachukua wapagazi kwa maelfu, na wengi waliotoka nyumbani na mzigo kichwani hawakurudi. Makadirio ya wanahistoria kwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukaribia 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na kichomi kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi kati yao ilibaki serikalini bila kulipwa warithi.

Angalieni kumbukumbu zetu. Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya askari mmoja na bunduki yake. Ile ya Nairobi, ya mwaka uliofuata, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Wenzetu wana hatua moja mbele.

Nimewaeleza kwamba ofisa wa ufukweni mwenye nishani alifanya kazi ya kupanga mizigo chini ya risasi. Basi kama kupanga mizigo ni ushujaa Normandy, ni ushujaa Mombo. Aliyeongeza kuni kwenye injini usiku wa tarehe 3 Novemba, aliyesukuma kitoroli kwenda Handeni, aliyekausha baruti Manza, wote walifanya kazi ileile ya Colin Maud, bila filamu na bila pensheni. Tofauti ni kwamba Maud aliifanya kwa hiari yake na kwa nchi yake, na babu zetu waliifanya kwa amri ya wageni wawili waliokuwa wakigombea nchi isiyo yao. Hilo halipunguzi kazi. Linaongeza deni.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wa watu waliokaa humu. Walimu wa historia wa wilaya hii, mnapofundisha Vita vya Kwanza vya Dunia, anzeni na Mombo kabla ya Sarajevo. Wapelekeni watoto steshini, waambieni treni ipi ilipita pale na kwa nini, kisha wapelekeni Ras Kazone wakapime wenyewe umbali wa kutoka majini hadi juu ya mwamba. Na ninyi vijana, kaeni na wazee. Aliyesukuma kitoroli hayupo tena, lakini wajukuu zake wapo Soni, Bumbuli, Mlalo na Korogwe, na simulizi za nyumbani bado zina majina ambayo hayamo katika kitabu chochote. Yaandikeni majina hayo, na kijiji, na mzigo uliobebwa. Orodha hiyo ikipatikana, suala la sanamu ya mpagazi litakuwa rahisi, kwa sababu tutajua tunamchonga nani.

 Sasa nasubiri maswali, hata ya nyuki.